Splita ya PLC: namna ya kuichagua, kuipima na kuifunga kwenye mtandao wa faiba Kigoma

Splita ni kifaa kinachogawa mwanga wa faiba moja uwafikie wateja wengi. Ndani yake hakuna umeme, betri wala taa. Kuna kipande cha kioo kilicholazwa juu ya bamba la silikoni au kwatsi, kifupi kuliko kifundo cha kidole, na ndani ya kioo hicho vimechorwa vijia vya mwanga vyenye upana wa mikromita 6 hadi 8 hivi. Hiyo ni saketi ya mwanga kamili (PLC ni kifupi cha Kiingereza, planar lightwave circuit), iliyotengenezwa kwa kuchapa na kuchonga kwa picha kama zinavyotengenezwa chipu za simu. Wazo la kuweka saketi nzima ya mwanga juu ya bamba moja lilitangazwa mwaka 1969 na Stewart Miller wa Bell Labs, Marekani. Leo saketi hiyo inaning'inia kwenye nguzo za mitaa ya Mwanga, Gungu na Ujiji, na fundi anaishika kama anavyoshika soketi ya ukutani. Matatizo mengi huanzia hapo.

Tahadhari ndogo ya dukani: ukiagiza, sema "splita ya PLC ya faiba". Ukisema PLC tupu kwa muuza vifaa vya umeme, utaletewa kompyuta ya kuendeshea mitambo ya kiwandani.

Mwanga unavyogawanyika

Reli ya Kati ikifika Tabora hugawanyika: njia moja huja Kigoma, nyingine huenda Mwanza. Treni huchagua njia moja. Mwanga hauchagui, ukifika njia panda ndani ya kioo huenda pande zote mbili, na kila upande hupata nusu. Splita ya 1:2 ina njia panda moja, ya 1:8 ina njia panda 7 zilizopangwa kwa ngazi tatu, na ya 1:32 ina 31 kwa ngazi tano. Kila ngazi hula desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha upungufu wa nguvu ya mwanga), kwa sababu kupoteza nusu ya nguvu ni desibeli 3. Hakuna kiwanda kitakachokuuzia splita ya 1:8 inayopoteza chini ya desibeli 9. Muuzaji akikuahidi hivyo, ama hajui anachouza au anajua vizuri sana.

Juu ya hasara hiyo ya mgawo kuna hasara ya utengenezaji: mwanga unaovuja kwenye kona za vijia na mahali faiba inapogusana na chipu. Kwa hesabu za kazini tumia namba hizi, ambazo zimeegemea upande mbaya ili zisije zikakuaibisha: 1:2 ni desibeli 4.0, 1:4 ni 7.3, 1:8 ni 10.5, 1:16 ni 13.7, 1:32 ni 17.0, na 1:64 ni 20.5.

Swali ambalo mafundi huuliza mara nyingi ni hili: mwanga ukirudi kutoka kwa mteja kwenda OLT (mashine ya mtoa huduma inayotuma na kupokea mwanga), si unaunganishwa tu? Kwa nini nao upoteze desibeli 10? Jibu lipo kwenye ile njia panda. Kijia kinabeba umbo moja tu la mwanga. Mwanga ukija kutoka tawi moja peke yake, nusu yake ndiyo inayokaa kwenye umbo la shina. Nusu nyingine haina pa kushika na hutawanyika ndani ya kioo. Kwa hiyo kwenda na kurudi hasara ni ileile, na bajeti yako, yaani hasara inayoruhusiwa njiani, lazima itoshe pande zote mbili.

Hesabu kwanza, ngazi ya nguzo baadaye

Tuchukulie OLT ipo mtaa wa Mwanga na wateja wa mwisho wapo Ujiji, na kebo ikishazunguka mitaa na kuachiwa akiba inafika kilometa 9. Mtandao ni GPON, aina ya mtandao wa faiba unaogawiwa wateja kwa splita: mwanga wa kushuka ni nanomita 1490, wa kupanda ni 1310. Moduli ya OLT (kipande chake kinachotoa na kupokea mwanga) ni daraja la B+, yaani njia nzima inaruhusiwa kupoteza desibeli 28 na si zaidi. Mpango wa kwanza wa fundi ni splita mbili za 1:8 zinazofuatana, apate wateja 64.

Faiba hupoteza zaidi kwenye 1310, takriban desibeli 0.35 kwa kilometa, hivyo hesabu kwa upande huo: 9 × 0.35 = 3.15. Splita mbili ni 21.0. Konekta nne (kwenye OLT, kwenye fremu ya kugawia, kwenye boksi la nguzo, na ukutani kwa mteja) kwa 0.5 kila moja ni 2.0. Viungo sita vya kuchomelea kwa 0.1 ni 0.6. Jumla ni 26.75. Imebaki 1.25 tu.

Kwenye karatasi mpango huo unapita. Nguzoni hautafika mbali. Kebo itakatwa na lori lililobeba mzigo mrefu, utaongeza viungo viwili, konekta zitazeeka, mteja atahamisha kabati na kukunja waya nyuma yake. Bakiza desibeli 3 kama akiba, na kwa njia ndefu za pembezoni bakiza 4. Una njia mbili za kutoka. Ya kwanza ni kununua moduli za C+ zenye bajeti ya 32, zinazokuachia 5.25. Ya pili ni kupunguza mgawo: 1:4 kwenye makutano ya barabara, kisha 1:8 mtaani, wateja 32. Hapo splita ni 7.3 + 10.5 = 17.8, jumla yote 23.55, akiba 4.45. Kwa mtaa ambao wateja bado hawajajaa, ya pili ndiyo yenye akili. Ukijaza wateja 64 kwenye mlango mmoja utaokoa bei ya moduli, kisha utailipa kwa safari za kwenda kutazama kwa nini mtandao wa fulani unakatika jioni.

Sasa pima upande wa pili, ambao watu husahau: mwanga kuzidi. ONU (kifaa cha faiba kilichopo kwa mteja) ya B+ husikia hadi −27 dBm (dBm ni nguvu ya mwanga ikilinganishwa na miliwati 1), na haipaswi kupokea zaidi ya −8 dBm. OLT hutoa kati ya +1.5 na +5. Ukichomeka ONU moja kwa moja kwenye OLT pale ofisini "kujaribu tu", unaimulika machoni kwa tochi, na kipokezi kinaweza kuharibika. Weka splita ya 1:32 au kipunguza mwanga cha desibeli 15 katikati, hata kwa jaribio la dakika moja.

Kununua

Splita tupu huja ndani ya bomba dogo la chuma. Ya 1:8 kwa kawaida ni milimita 4 kwa 4 kwa 40, nene kuliko njiti ya kiberiti, na miguu yake ya faiba ni laini. Hiyo ni ya kuweka ndani ya joint (kasha la viungo vya kebo) kwenye trei, ichomelewe pande zote. Kwa boksi la nguzoni chukua ya kaseti ya plastiki yenye miguu ya milimita 2 na konekta za SC/APC, zile za kijani.

Dai karatasi ya vipimo vya kiwandani, mguu kwa mguu, kwenye 1310 na 1550. Mwanga unaorudi nyuma uwe umepungua kwa desibeli 55 au zaidi. Tofauti kati ya mguu bora na mguu mbaya wa 1:8 isizidi 0.8. Ukiona miguu yote nane ina namba ileile hadi nukta ya pili, karatasi hiyo imenakiliwa. Vioo havifanani hivyo.

Kuna splita za aina nyingine, FBT, zinazotengenezwa kwa kuyeyusha faiba mbili pamoja na kuzivuta. Usizidharau. PLC ya kawaida hugawa sawa kwa sawa, lakini FBT inaweza kugawa 10 kwa 90. Kwa vijiji vilivyojipanga kwenye mstari mmoja ufukweni kaskazini ya Kibirizi hicho ndicho unachotaka: kila kijiji kinachota kidogo, shina linaendelea na karibu nguvu yote. Mguu wa asilimia 10 utapoteza karibu desibeli 11, wa 90 chini ya 1. Udhaifu wake ni kwamba mgawo hubadilika urefu wa wimbi ukibadilika, kwa hiyo hakikisha imetengenezwa kwa 1310 na 1490, tena na 1550 kama kuna televisheni. PLC inakubali kila kitu kuanzia 1260 hadi 1650, na hiyo ndiyo nguvu yake kubwa: ukibadilisha teknolojia ya mtandao miaka ijayo, splita inabaki ilipo.

Kupima mezani

Unahitaji chanzo cha mwanga cha 1310/1550, pawa mita, waya mbili fupi za SC/APC zilizo nzima, kifaa cha kusafishia konekta cha milimita 2.5, vitambaa visivyoacha nyuzi na alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Spiriti ya dukani ina maji mengi, ikikauka huacha alama.

Washa chanzo cha mwanga, kiache dakika 15 kitulie. Unganisha chanzo na mita kwa waya wa kwanza, hakikisha mita imewekwa 1310 na si 850, kisha bonyeza sifuri. Kuanzia hapo usiuchomoe waya ule upande wa chanzo. Ukiuchomoa, sifuri yako imekufa na unaanza upya. Chomoa upande wa mita, unganisha kwenye shina la splita kwa adapta ya kijani, kisha pima mguu mmoja mmoja.

Splita nzima ya 1:8 itakupa kitu kama 9.9, 10.1, 10.0, 10.2, halafu ghafla 12.6. Usiirudishe dukani bado. Safisha konekta ya mguu huo kavu kwanza, tazama kwa darubini ya konekta, pima tena. Mara nyingi itarudi 10.1. Kiini cha faiba kina mikromita 9 na vumbi la barabarani lina chembe kubwa kuliko hiyo. Jasho la kidole ni baya zaidi, na fundi aliyetoka kula ugali na dagaa wa mawese akagusa ncha ya konekta ameiwekea utando ambao kitambaa kikavu hakiutoi. Hapo tumia alkoholi, kisha kavu. Ikibaki 12.6 baada ya kusafishwa mara tatu, mguu umevunjika au gundi imeachia. Weka pembeni.

Rudia kwenye 1550. Namba zikitofautiana kidogo ni kawaida. Mguu ukipoteza desibeli 1 zaidi kwenye 1550 kuliko 1310, kuna mkunjo mkali mahali fulani, labda ndani ya kaseti yenyewe.

Andika kila namba kwenye daftari na ubandike nakala ndani ya mfuniko wa boksi. Mali bila daftari huisha bila habari, na splita isiyo na vipimo vya mwanzo haina namna ya kukuambia kwamba imeanza kuharibika.

Kuhusu ile kalamu ya mwanga mwekundu: itumie kutambua mguu upi ni upi, basi. Mwanga wake ni nanomita 650, na vijia vya PLC vilichorwa kwa mawimbi yenye urefu wa karibu mara mbili ya hilo au zaidi. Kwenye 650 mwanga huyumba ndani ya kijia na kugawanyika ovyo, mguu mmoja ukawaka sana na mwingine ukafifia. Watu wametupa splita nzima kwa sababu ya kalamu hiyo.

Kufunga

Mashine ya kuchomelea faiba iliyotoka Dar es Salaam ifanyie marekebisho ya cheche kabla ya kuanza kazi. Ziwa Tanganyika lenyewe lipo karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, na mji upo juu zaidi. Hewa ni nyepesi kuliko pwani na cheche hubadilika. Mashine nyingi zina kitufe cha kazi hiyo, na inachukua dakika chache. Usichomelee nje upepo wa ziwa ukiwa umeshaanza kuvuma. Ingia kwenye gari au simamisha hema, kwa sababu chembe moja ya vumbi kwenye mfereji wa kulazia faiba inatosha kuupindisha ulinganifu.

Menya faiba, ifute kwa alkoholi, ikate iwe na pembe chini ya nyuzi 1, chomelea, kisha vuta kimpira cha kinga na ukipashe. Kiungo kikionyesha zaidi ya 0.1, kikate na urudie. Ukiona desibeli 0.00 usifurahi sana. Hilo ni kadirio la kamera, ukweli unatoka kwenye mita.

Panga miguu kwenye trei kwa mizunguko isiyopungua nusu kipenyo cha milimita 30, hata kama faiba ni ya aina inayovumilia 7.5. Acha akiba ya mita 1.5. Usiibane splita kwa kamba ya plastiki juu ya bomba la chuma, na usiivute kwa miguu yake kamwe. Kamba hukatikia pabovu, na pabovu pa splita ni pale miguu inapoingia kwenye bomba: hapo faiba imegundishwa usoni mwa chipu kwa gundi iliyokaushwa kwa mwanga wa urujuanimno, na uso huo umesuguliwa kwa pembe ya nyuzi 8 ili mwanga usirudi. Ndani ya kioo hakuna cha kuharibika, lakini gundi inaharibika. Joto la mchana na ubaridi wa usiku huivuta huku na huku, na unyevu huingia polepole.

Ndiyo sababu boksi la nguzo ni muhimu kuliko splita yenyewe. Matundu ya kebo yatazame chini. Kila tundu lisilotumika lizibwe kwa kizibo chake, si kwa gazeti. Mpira wa mfuniko ukikauka ubadilishe kabla ya msimu wa mvua, maana maji yakiingia yatakaa. Sisimizi nao hupenda boksi lenye joto na giza, na wakiingia huleta udongo. Boksi jeusi upande wa jua la magharibi huwa tanuri. Chagua la kijivu au lihamishie upande wa kivuli.

Kijani kwa kijani, bluu kwa bluu. Konekta ya kijani imekatwa kwa pembe ya nyuzi 8, ya bluu haina pembe. Ukizichomeka pamoja zinaingia vizuri kabisa, zinabana, na unapoteza desibeli kadhaa, tena unaweza kuzikwaruza zote mbili. Miguu ambayo haina mteja bado iache na vifuniko vyake.

Kupima ukiwa kwa mteja

Kwa mfano wetu wa wateja 32, OLT ikitoa +3 dBm, kushuka kwenye 1490 faiba hupoteza 0.25 kwa kilometa, hivyo njia nzima ni 17.8 + 2.25 + 2.0 + 0.6 = 22.65, na mteja wa mwisho anategemewa kupata −19.65. Kwa kuwa tulitumia namba za upande mbaya, utakuta −17 au −18. Ukikuta −24, ONU itawaka taa ya kijani na mteja atafurahi, lakini umeacha desibeli 5 njiani. Zitafute leo ukiwa bado una ngazi.

Pima kabla ya splita na baada yake, ulinganishe na daftari. Wateja wote wa boksi moja wakishuka pamoja, tatizo lipo kwenye shina au mguu wa splita ya juu. Akishuka mmoja, ni mguu wake au waya wake. Mwanga wa kushuka ukiwa mzuri kwa kila mtu lakini wateja wote wa mlango mmoja wa OLT wanapotea na kurudi, shuku ONU moja iliyoharibika inayotoa mwanga muda wote na kuwafunika wenzake, maana wote wanazungumza kwa zamu kwenye shina moja. Chomoa mguu mmoja mmoja hadi utulivu urudi.

OTDR (kifaa kinachotuma mwanga na kusoma unaorudi ili kuonyesha hasara ilipo njiani) ipige kutoka kwa mteja kuelekea OLT. Ukipiga kutoka OLT, ukishapita splita unaona alama za miguu yote zimelaliana, na desibeli 10 zimeshaondoka. Kama mtandao unatumika, tumia 1625 au 1650 yenye chujio, PLC inapitisha.

Kwa nini wasiweke kila kitu kwenye chipu moja

Mhandisi mdogo akishaielewa splita huuliza hivyo, na jibu linasaidia hata ukiwa unachagua moduli. Kioo cha silika kinapatana na faiba kwa ukubwa wa mwanga wake, ndiyo maana splita inapoteza kidogo pembeni. Lakini vijia vyake haviwezi kukunjwa kwa kona kali. Vinataka milimita kadhaa, hivyo chipu haiwezi kuwa ndogo sana. Silikoni hukunja mwanga ndani ya mikromita 5 tu, ila kijia chake ni kidogo mno, takriban nanomita 220 kwa 450, na kuingiza mwanga wa faiba ya mikromita 9 humo ni sawa na kumimina debe kwenye shingo ya chupa. Tena silikoni haitoi leza kwa asili yake. Leza inatoka kwenye indiamu fosfaidi, ambayo ni ghali na dhaifu. Lithiamu niobeti hubadilisha mwanga kwa kasi sana, nayo haitoi leza. Kila nyenzo ina kazi yake, na kuziunganisha ndiko kunakogharimu.

Joto nalo lina neno. Urefu wa wimbi wa pete ya silikoni (kijia cha duara kinachochuja wimbi moja la mwanga) huhama karibu nanomita 0.08 kwa kila nyuzi moja ya joto, na leza ya kawaida ya OLT huhama karibu 0.1. GPON iliachiwa dirisha pana la kushuka, 1480 hadi 1500, ili leza iweze kuhama bila kuwekewa kipoza. Mitandao ya mawimbi mengi yaliyobanana haina anasa hiyo. Ukiletewa kifaa cha namna hiyo, uliza chumba kina kiyoyozi na umeme wa akiba kabla hujauliza bei. Splita yako nguzoni haijali. Inavumilia kutoka −40 hadi 85, ilimradi boksi lake halina maji.